Kurudi Chomboni: Bahari ya Cortez, Steinbeck na Somo la Mtumbwi

Utangulizi

Fasihi ya bahari si ngeni katika Kiswahili. Lugha yenyewe ilikulia pwani, na maandishi ya safari kwa nathari yamekuwapo tangu zamani. Mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, ulioandaliwa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, unamfikisha msomaji hadi Urusi na Siberia. Hata hivyo, kuna tawi moja la maandishi ya bahari ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatujalitazama vya kutosha, nalo ni maandishi ya watu waliofanya chombo kuwa nyumba. Hatuzungumzii baharia aliyeajiriwa melini, wala mvuvi anayelazimika kulala ndani ya mashua. Tunazungumzia mtu aliyefunga au kuuza nyumba yake ya nchi kavu, akanunua chombo cha tanga chenye kitanda, jiko na meza, akahamia humo.

Mahali pamoja panaposifika kwa maisha ya namna hiyo ni pwani ya magharibi ya Meksiko, hasa Ghuba ya California, ambayo watu wengi huiita Bahari ya Cortez. Miji ya La Paz, San Carlos, Mazatlán na Puerto Vallarta ina marina, yaani bandari ndogo zilizojengwa kwa ajili ya vyombo vya watu binafsi, zenye magati ya kufungia chombo, maji ya bomba na umeme. Wageni wanaoishi humo wengi ni Wamarekani na Wakanada, na wengi wao ni wastaafu. Aghalabu hawakai mwaka mzima. Huondoka joto linapozidi na kurudi majira ya baridi yanapokaribia, na wanaporudi huandika: barua kwa majarida ya mabaharia kama Latitude 38 la California, shajara, na hata vitabu.

Mwanafunzi wetu hapa Uganda anaweza kuuliza: haya yananihusu nini, mimi niliyezaliwa nchi isiyo na bahari? Jibu ni kwamba katika ghuba hiyohiyo ndimo ilimotokea riwaya fupi ya The Pearl ya John Steinbeck, ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika shule za Afrika Mashariki. Wengi wanaojiunga na idara kama yetu huwa wamekwisha kuisoma kwa Kiingereza, na wamekuja na jibu moja walilofundishwa: kwamba ni hadithi ya tamaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni dogo mno, na kwamba tukianza na swali la chombo, yaani nani ana chombo, nani hana, na nani anaweza kurudi, tutaisoma riwaya hiyo kwa haki zaidi.

Muundo wa maandishi ya kurudi

Ili kuelewa maandishi haya ni lazima kwanza kuelewa majira yake. Katika Pasifiki ya mashariki msimu wa tufani huhesabiwa kuanzia 15 Mei hadi 30 Novemba. Katika miezi ya katikati ya msimu huo joto la La Paz hupita nyuzi 35, na maji ya ghuba huwa vuguvugu. Wakazi wa vyombo hufanya moja kati ya mambo matatu. Wengine huhamia kaskazini ya ghuba, ambako tufani hufika kwa nadra. Wengine hukiacha chombo kimefungwa marinani kwa kamba nyingi. Wengine hukipandisha nchi kavu, kikasimamishwa kwa mihimili ya chuma katika viwanja kama vile vya San Carlos, kwenye jangwa la Sonora, kisha wakaenda kwao. Sheria ya Meksiko inawawezesha kufanya hivyo: kibali cha kuingiza chombo nchini kwa muda hudumu miaka 10, hivyo chombo kinaweza kubaki wakati mwenyewe hayupo.

Hatari ni ya kweli. Tufani Marty ya Septemba 2003 ilivunja vyombo vingi La Paz, na Odile ya Septemba 2014 ikapiga Cabo San Lucas na kuendelea hadi La Paz, ikaua watu na kuzamisha vyombo. Kwa hiyo anayerudi Oktoba au Novemba hana hakika atakuta nini.

Hapo ndipo maandishi yenyewe yanapoanza. Ukisoma simulizi kadhaa za aina hii utaona kwamba zina hatua nne ambazo hujirudia kama fomula za ngano. Hatua ya kwanza ni safari ya barabara kutoka mpakani, gari likiwa limejaa vipuri. Ya pili ni kukiona chombo kwa mara ya kwanza baada ya miezi: je, kimesimama? Kimejaa vumbi kiasi gani? Hatua ya tatu ni orodha ya kazi. Jua limekula vitambaa, betri zimekufa, mpira wa pampu umekauka, mende wamehamia jikoni, vali za chini zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa, na chini kote kunahitaji rangi ya kuzuia viumbe vya baharini visigandamane. Hatua ya nne ni kushushwa majini, na usiku wa kwanza wa kulala chombo kikielea.

Kwa maoni yetu, hatua ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kifasihi, ingawa waandishi wenyewe huiomba radhi na kuharakisha kuipita. Katika orodha ya kazi mwandishi hawezi kudanganya. Anataja kitu kwa jina lake, anaeleza kimeharibikaje, na anaonyesha mikono ikifanya kazi. Lugha inakuwa ya kifundi na iliyobana. Hatua ya nne, kinyume chake, ndiyo dhaifu kuliko zote. Humo utakuta machweo ya rangi ya dhahabu, pomboo, na neno "peponi" likitumika bila kuchunguzwa. Pepo hiyo ni ya nani? Nani alikilinda chombo miezi yote sita? Nani alipiga msasa na kupaka rangi juani? Mara nyingi anatajwa kwa neno moja tu: fundi, mlinzi, kijana. Msomaji aliyezoea riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, ambamo bandari inaonekana kwa macho ya wabeba mizigo wa Unguja, atatambua mara moja kwamba hapa bandari imeandikwa kutoka upande wa pili wa gati.

Tusiwaonee waandishi hawa, lakini. Kuna jambo wanaloliandika vizuri, nalo ni ujirani. Katika bandari nyingi za Meksiko wakazi wa vyombo hukutana kila asubuhi kwa redio ya VHF, mara nyingi idhaa ya 22. Kuna utaratibu: kwanza huulizwa kama kuna mgonjwa au dharura, kisha hutangazwa walioingia na wanaoondoka, hali ya hewa, na kupwa na kujaa kwa maji. Mwishoni hutangazwa vitu ambavyo mtu havihitaji tena, na kipindi hicho wenyewe hukiita hazina za ngama. Ngama, kama mnavyojua, ni sehemu ya ndani kabisa chini ya chombo ambako maji hujikusanya. Mswahili aliyesema "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" angewaelewa watu hawa bila mkalimani. Anayeishi chomboni anaweza kutembea hadi tezi, akaenda hadi omo, lakini uhai wake uko ngamani: pakiwa pakavu, nyumba ipo.

Steinbeck na safari ya mwaka 1940

Maandishi ya wageni kuhusu maji hayo yana mzee wao. Tarehe 11 Machi 1940 John Steinbeck na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini, waliondoka Monterey, California, kwa chombo cha uvuvi kiitwacho Western Flyer. Safari ilichukua takribani wiki sita na maili 4,000. Walizunguka ghuba wakikusanya viumbe vya ufukweni wakati maji yamekupwa, wakapata spishi zaidi ya 500. Kitabu kilichapishwa Desemba 1941, na sehemu ya masimulizi ikatolewa peke yake mwaka 1951 kwa jina la The Log from the Sea of Cortez, pamoja na tanzia ya Ricketts, aliyefariki mwaka 1948 baada ya gari lake kugongwa na treni.

Western Flyer kilikuwa chombo cha injini, na abiria wake hawakuhamia humo moja kwa moja. Hata hivyo, kitabu hicho kimekuwa kama msahafu mdogo katika makabati ya vyombo vya La Paz, na mengi yanayoandikwa leo yanakifuata. Kichekesho cha injini ndogo ya mashua, ambayo Steinbeck aliipa jina la Sea-Cow na kuisimulia kama kiumbe mwenye inda anayekataa kazi kila anapohitajiwa, kimezaa wajukuu wengi.

Lakini wafuasi wamechukua kichekesho na kuacha ukali. Katika Log mwandishi anajitazama anapotazama. Anakubali kwamba anayekwenda kuchunguza bahari anaibadilisha kwa kufika kwake tu. Anasimulia pia meli za Kijapani za uvuvi wa kamba karibu na Guaymas zilizokuwa zikikwangua sakafu ya bahari na kutupa samaki wengi waliokufa, na anawalaumu kwa usawa waliofanya kazi hiyo na maofisa wa Meksiko walioiruhusu. Hayo si maneno ya mtu aliyelewa machweo. Miaka mingi baadaye hofu yake imethibitika: visiwa na maeneo ya hifadhi ya ghuba hiyo viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2005, na mwaka 2019 vikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vaquita, pomboo mdogo anayenaswa katika nyavu na aliyekaribia kutoweka.

Hata hivyo, Log nayo ina pengo lake. Carol, mke wa Steinbeck wakati huo, alikuwemo chomboni safari nzima, lakini kitabuni hayumo. Msomaji asiyejua habari hiyo atadhani ni safari ya wanaume watupu. Tukiwalaumu wakazi wa marina kwa kumficha fundi wa Kimeksiko, basi ni haki kusema kwamba mzee wao alimficha hata mtu aliyelala chombo kimoja naye. Ni desturi ya utanzu huu: aliyeshika kalamu ndiye pekee anayeishi chomboni.

Kijana wa 1940 na Kino wa 1947

Ni katika Log ndimo tunamoikuta mbegu ya The Pearl. Steinbeck anasimulia kisa alichokisikia kuhusu La Paz. Kijana mmoja wa Kihindi aliokota lulu kubwa kuliko kawaida, akajua kwamba hatafanya kazi tena maisha yake yote. Atalewa anapotaka, ataoa amtakaye, na atalipia misa za kutosha kuiokoa roho yake. Wanunuzi wakampa bei ya kipuuzi. Alipokataa aliwindwa, akapigwa na kuteswa, mwisho akaitupa lulu baharini. Akawa huru tena, na akacheka. Steinbeck mwenyewe anaongeza kwamba kisa hicho kinafanana mno na fumbo kiasi cha kutia shaka.

Alipokiandika upya, kwanza katika jarida mwaka 1945 na kisha kama kitabu mwaka 1947, alibadilisha karibu kila kitu chenye uzito. Kijana mseja amekuwa Kino, mwenye mke aitwaye Juana na mtoto mchanga aitwaye Coyotito. Matakwa nayo yamebadilika. Kino anataka kufunga ndoa kanisani. Anataka nguo mpya, chusa na bunduki. Zaidi ya yote anataka Coyotito aende shule, ajue kusoma, ili awaambie wazazi wake kilichomo vitabuni, kwa maana hadi hapo wameambiwa na wengine tu.

Sasa tujiulize kama walimu. Je, ni sawa kusimama mbele ya darasa na kuandika ubaoni "tamaa mbele, mauti nyuma", kisha kumtaja Kino kama mfano? Methali hiyo inamfaa yule kijana wa mwaka 1940, na hata yeye hakufa. Kino anatamani shule kwa mwanawe. Wanafunzi walio mbele yetu, wengi wao, wazazi wao waliuza ng'ombe, kahawa au kipande cha ardhi ili waketi katika madawati hayo. Tukiwaambia kwamba kutaka shule ni tamaa, tunawafundisha kumhukumu mzazi wao, na kuwaacha huru wale ambao riwaya yenyewe inawashitaki. Nao wametajwa wazi. Daktari anakataa kumtibu mtoto aliyeumwa na nge kwa kuwa mzazi hana fedha, kisha anakuja mbio baada ya kusikia habari za lulu. Wanunuzi wa lulu wanajifanya kushindana, kumbe wote wanatumwa na tajiri mmoja. Bei ya juu wanayomtajia Kino ni peso 1,500. Mauti katika riwaya hii hayako nyuma ya tamaa ya Kino. Yako katika soko lililofungwa.

Mtumbwi ndio kitovu

Kuna ushahidi mwingine ambao usomaji wa tamaa haugusi kabisa, nao ni mtumbwi. Steinbeck anausimulia kwa makini. Kino aliurithi kutoka kwa baba yake, naye kutoka kwa babu. Umepakwa ganda gumu la kuzuia maji, ambalo siri ya kulitengeneza nayo ilirithiwa. Una mahali pa kusimamishia mlingoti na kutweka tanga dogo la pembetatu. Mwandishi anauita mali na chemchemi ya chakula pia, kwa maana mwanamume mwenye chombo anaweza kumhakikishia mwanamke kwamba watakula.

Baada ya Kino kukataa bei na kuamua kwenda mji mkuu kuuza lulu mwenyewe, mambo matatu yanatokea usiku mmoja. Anashambuliwa na kumuua mtu, nyumba yake inachomwa moto, na mtumbwi wake unatobolewa. Msimulizi anapima matukio hayo kwa mizani ya watu wa pwani: kuua chombo ni uovu mkubwa kuliko kuua mtu, kwa maana chombo hakina watoto, hakiwezi kujilinda, na kikijeruhiwa hakiponi. Wakati huo ufuoni kuna mitumbwi mingine ya majirani. Kino angeweza kuchukua mmoja akatoroka kwa maji. Msimulizi anatuambia kwamba wazo hilo halikumjia hata mara moja.

Hapa ndipo usomaji wa tamaa unapoanguka. Mtu mwenye tamaa angeuchukua mtumbwi wa jirani. Kwa kutouchukua, Kino analazimika kwenda kwa miguu, na kwenda kwa miguu ndiko kunakowawezesha wafuatiliaji kusoma nyayo zake. Mtoto anapigwa risasi mlimani. Kwa lugha nyingine, kilichomponza Kino usiku ule ni adabu yake kwa mali ya mwenziwe.

Kisha anarudi. Juana na Kino wanaingia La Paz wakitembea bega kwa bega, wakati kwa desturi mke alifuata nyuma, na Juana amebeba maiti ya mtoto ndani ya shali yake. Lulu inatupwa baharini, lakini safari hii hakuna anayecheka. Wamerudi mahali pasipo nyumba, mtumbwi wala mtoto.

Tuweke kurudi huku karibu na kule kwa wakazi wa marina. Ghuba ni moja, na mji ni mmoja. Anayerudi Novemba kutoka kaskazini hukuta chombo chake kimemngoja, na kikiwa kimeharibika ana orodha ya kazi na fedha za vipuri. Hata tufani ikikivunja, ana nyumba au pensheni ya kurudia. Kino alikuwa na chombo kimoja tu, na kilipotobolewa maisha yake yalitoboka nacho. Tofauti haiko katika mapenzi ya chombo, kwa maana wote wawili wanakipenda. Steinbeck ameandika katika Log kwamba hakuna kitu kisicho na uhai ambacho binadamu hukifanya mtu kama anavyofanya chombo. Tofauti iko katika njia za kurudi ambazo kila mmoja anazo. Swali hilo ndilo ambalo mwalimu anaweza kulipeleka darasani.

Historia nayo inaongeza uzito. Lulu za La Paz zilivuliwa kwa karne nyingi. Mwaka 1903 Gastón Vives alianzisha ufugaji wa chaza wa lulu katika kisiwa cha Espíritu Santo, mbele ya mji huo, na shamba lake likaharibiwa mwaka 1914 wakati wa Mapinduzi ya Meksiko. Steinbeck alipofika mwaka 1940 uvuvi wa lulu ulikuwa umekwisha kufifia. Leo maji hayohayo ni ya kutia nanga vyombo vya starehe. Maandishi ya kurudi huiona ghuba kama mahali patupu panapomsubiri mgeni. The Pearl inatukumbusha kwamba palikuwa na wenyewe, na kwamba utajiri wake ulipita mikononi mwa wachache kabla marina haijajengwa.

Suala la istilahi

Wanafunzi wa tafsiri watauliza: tunayasemaje haya kwa Kiswahili? Mara nyingi tunasikia kwamba lugha yetu haina maneno ya kutosha. Katika uwanja huu hali ni kinyume: maneno yapo, ila wengi wetu wa bara hatuyajui. Mkuku, omo, tezi, ngama, foromali, henza, demani, roda, dasturi na amari ni maneno ya kila siku kwa wajenzi na manahodha wa Lamu na Unguja. Kuziba nyufa za mbao ni kukalafati. Mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chini ya chombo ni deheni. Mwanafunzi anayetafsiri orodha ya kazi ya mkazi wa marina, au ganda gumu la mtumbwi wa Kino, akiandika tu "alipaka dawa", amepoteza kitu ambacho lugha yake inacho.

Neno "mtumbwi" nalo linahitaji fikra. Kwa msomaji wa ziwani ni chombo cha makasia. Chombo cha Kino kinaweza kutwekwa tanga la pembetatu, jamaa ya tanga la jahazi. "Ngalawa" haifai, kwa kuwa haina budi kuwa na matengo ya pembeni, na "mashua" inatufanya tufikirie mbao zilizoungwa. Tunapendekeza kubaki na "mtumbwi", lakini mfasiri auelezee tanga lake mapema, ili msomaji aelewe kwamba Kino alikuwa na njia ya kusafiri mbali, na kwamba ndiyo iliyotobolewa.

Kuhusu "marina", tunaona neno hili lichukuliwe lilivyo. Sauti zake ni za Kiswahili na halina mpinzani wa karibu. "Bandari" ni kubwa mno, na "diko" ni pa wavuvi. Kwa wanaoishi humo "wakazi wa chomboni" inatosha. Tena Kiswahili kina bahati hapa: chombo ni jahazi, na vyombo ni sufuria na sahani vilevile, kwa hiyo neno moja linabeba bahari na jiko pamoja.

Mapendekezo kwa walimu

Kutokana na hayo tuliyoeleza tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, kabla ya kuuliza "lulu inaashiria nini", mwalimu aulize "mtumbwi unafanya kazi gani katika ploti". Wanafunzi waorodheshe kila mahali unapotajwa, kuanzia asubuhi ya kwanza hadi usiku unapotobolewa. Pili, kisa cha kijana wa mwaka 1940 kisomwe sambamba na riwaya, ili wanafunzi waone mwandishi alibadilisha nini na waulizane kwa nini. Hili ni zoezi jepesi la fasihi linganishi, na halihitaji vitabu vingi. Tatu, wanafunzi wanaotoka visiwa vya Ssese, Buvuma, au kando ya Ziwa Albert wapewe nafasi ya kueleza mtumbwi unarithiwaje kwao, na ukivunjika nani hulipa. Ujuzi huo ni wa kihakiki, na mara nyingi mwalimu hanao. Nne, methali zitumike kwa kupimwa. Mwanafunzi aulizwe methali inamfaa nani katika kisa na inamwacha nani nje. Akiweza kusema kwa nini "tamaa mbele, mauti nyuma" haimtoshi Kino, amekwisha kuanza uhakiki.

Hitimisho

Makala haya yameyatazama maandishi ya wale wanaorudi kila mwaka kuishi katika vyombo vyao huko Meksiko, yakayalinganisha na vitabu viwili vya Steinbeck vilivyotoka katika maji hayohayo. Tumeona kwamba maandishi ya kurudi yana nguvu yanapotaja kazi na udhaifu yanapotaja pepo, na kwamba The Pearl haiwezi kufungwa ndani ya neno "tamaa" bila kumdhulumu mhusika wake mkuu.

Western Flyer chenyewe kilizama mwaka 2012 katika jimbo la Washington, kikaopolewa, kikakarabatiwa kwa miaka mingi, na mwaka 2023 kikarejea Monterey. Chombo chenye jina na wafadhili kilipata mafundi wa kukirudisha. Mtumbwi wa Kino haukupata. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa Kiswahili chake mwenyewe kwa nini ilikuwa hivyo, mwalimu wake atakuwa amemfundisha riwaya hii.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi walioifundisha au kuisoma The Pearl watuletee maoni yao, hasa wale wasiokubaliana nasi, ili mjadala uendelee katika toleo lijalo.